Mashine ya Watu Kumi na Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sijaona alipitia kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa na debe la uwele kichwani, madaftari mkononi, na mdomoni hesabu za kuzidisha alizokuwa akijisomea njiani. Akifika aliliweka debe kwenye foleni, akamwachia mama yake, Johari, aliyekuja nyuma na mtoto mgongoni, kisha akakimbia kuwahi namba shuleni.

Mtu asiyejua anaweza kusema debe la uwele si jambo la kusimuliwa. Basi hajawahi kusaga kwa jiwe. Kabla ya mwaka 1975, kijiji cha Mahambaa hakikuwa na mashine. Wasichana waliamka jogoo wa kwanza, wakapiga magoti mbele ya jiwe, wakasaga mpaka mikono ikafa ganzi. Wavulana wa rika lao walikuwa wamekwisha kufika shule na kuanza masomo. Sijaona mwenyewe alirudia darasa la tatu kwa ajili ya jiwe hilo, si kwa ujinga.

Sasa alikuwa darasa la saba. Mwalimu Chrispin, mwalimu wake wa hesabu, alimwambia waziwazi, "Ukiendelea hivi mpaka mwezi wa kumi, utachaguliwa kwenda sekondari. Lakini usikose hata siku moja. Kutoka shule yetu wakichukuliwa wawili, tumshukuru Mungu."

Sijaona hakutaka kitu kingine duniani. Aliitaka ile nafasi mpaka usingizini.

Mashine hiyo mwanzoni iliendeshwa na mtu mmoja, Petro, kijana mwembamba asiyecheka ovyo. Kijiji kilimpeleka Singida mjini wiki sita kujifunza. Alirudi na kanuni zake. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakitazama. Kila Jumamosi mchana alifunga mlango akasafisha mashine, hata kama foleni ilikuwa imezunguka nyumba. Siku moja Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Lazaro, alileta debe lake wakati wa kusafisha. Petro akamwambia aje Jumatatu.

Maneno yakaanza. Watu walisema Petro amekuwa bwana. Walisema wenzake wanavunjika migongo katika shamba la kijiji, yeye anakaa kivulini anapakwa unga. Wakauliza kama hii ndiyo Ujamaa, mmoja kushika mashine ya wote. Husuda ikivaa nguo ya haki huwa vigumu kuitambua, na siku zile Mahambaa hakuna aliyeitambua.

Mkutano ukaitwa. Ndugu Lazaro alisimama akasema maneno mazuri kweli kweli. "Ndugu wananchi, kijijini kwetu hakuna bwana wala mtwana. Kuanzia leo mashine itaendeshwa kwa zamu. Tumechagua watu kumi na wawili. Kila mtu wiki yake. Petro naye atashika jembe kama wenzake."

Watu walipiga makofi. Petro alinyoosha mkono, akauliza swali moja tu.

"Na oili ataiangalia nani?"

"Wote!" akajibu Mwenyekiti. Makofi yakazidi.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Kila mwenye zamu alijifunza kuwasha na kuzima kwa kumtazama aliyemtangulia. Kusafisha siku ya Jumamosi kukaachwa, maana kila mtu aliona wiki yake ni fupi na mwenzake atasafisha. Watu walifurahi kwamba mashine sasa haifungwi.

Mwezi wa sita, mwaka 1976, zamu ilimfikia Mzee Alute, baba yake Sijaona. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makuu. Ijumaa mwiba ulimchoma wayo, mguu ukavimba. Jumamosi, siku ya mwisho ya zamu yake, alimwita binti yake.

"Mwanangu, nenda kanipimie oili, Jumatatu Gabrieli apokee mashine salama. Ikiwa imepungua, chukua kopo la oili kwa katibu wa kijiji uongeze. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Sijaona alikwenda. Alichomoa kijiti kama alivyomwona Petro akifanya. Kilikuwa kikavu, isipokuwa ncha nyeusi, ndogo kama nzi. Akaenda kwa katibu. Mkewe akasema katibu amekwenda mkutanoni Singida na ufunguo wa stoo ameondoka nao. Angerudi Jumatatu.

Sijaona alisimama uani akiwaza. Petro angejua la kufanya, lakini Petro hahusiki tena. Kumwambia baba kungemlazimu achechemee na mguu wake mpaka kwa Gabrieli. Tena nyumbani alikuwa na mazoezi ya hesabu ya Mwalimu Chrispin. Gabrieli ni mtu mzima, akajiambia, Jumatatu atapima mwenyewe.

"Umepima?" baba akamuuliza alipofika.

"Nimepima, baba. Iko sawa."

Lilikuwa neno dogo. Alikaa akafanya hesabu kumi na mbili, zote akapata.

Jumanne saa nne, wakiwa darasani, walisikia mashine ikipiga kelele isiyo ya kawaida, chuma kwa chuma, kisha kimya. Watoto walicheka wakidhani mtu ameizima vibaya. Sijaona hakucheka.

Mashine haikuwaka siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile. Johari, mama yake Sijaona, alilitoa jiwe la kusagia nyuma ya kihenge, akalifuta vumbi. Alilisogeza mahali lilipokuwa zamani, na Sijaona akapiga magoti.

Wakati mwingine walikwenda kusaga kijiji cha Issuna kwa miguu, na huko foleni ilikuwa ya vijiji vitatu. Ukienda asubuhi unarudi jua linazama. Siku za jiwe, Sijaona alifika shule saa tatu. Siku za Issuna hakufika kabisa. Viganja vilitoka malengelenge mpaka kushika kalamu ikawa kazi. Mwalimu Chrispin alimchapa mara mbili, kisha akaacha kumchapa. Hilo la kuacha ndilo lililomuuma zaidi.

Wiki ya sita ndipo fundi alipokuja kutoka Singida mjini. Aliitwa Hussein, mzee mnene wa ovaroli ya buluu, mwenye maneno mengi na mikono mepesi. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilipenda utani. Aliifungua mashine mbele ya kijiji kizima, akatazama ndani, na utani ukamwisha.

"Imeungua," akasema. "Imefanya kazi bila oili mpaka vyuma vimelana. Spea hii Singida haipo. Itaagizwa Dar es Salaam, na huko nako ni kungojea. Miezi mitatu, minne, sitaki kuwadanganya."

Wanawake waliguna. Sijaona alihesabu kwa vidole. Mwezi wa kumi ulikuwa ndani ya miezi hiyo.

"Nani mwangalizi wa mashine hii?" fundi akauliza.

Watu wakatazamana. Kisha macho yote yakamgeukia Gabrieli, mfuga mbuzi mwenye watoto saba, ambaye mashine ilifia mikononi mwake.

"Ni huyu!" akasema Ndugu Lazaro. "Halmashauri ya kijiji imekwisha kuliona jambo hili. Ameharibu mali ya umma. Huu ni uhujumu! Kesho tunampeleka wilayani."

Neno uhujumu siku zile halikuwa neno la kuchezea. Mke wa Gabrieli alikaa chini papo hapo kama mtu aliyekatwa miguu.

Sijaona alimtazama baba yake. Mzee Alute alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mavumbi kwa fimbo. Alikwisha kujua. Wiki ile mashine ilipokufa, binti yake alimweleza yote huku akilia, na yeye akamwambia, "Nyamaza mwanangu, yatapita." Sasa Sijaona alingoja anyanyue kichwa. Hakunyanyua.

Basi mtoto akasimama. Aliona haya mbele ya wazee wote wale.

"Shikamooni," akasema. "Kosa si la Gabrieli peke yake. Jumamosi, kabla Gabrieli hajapokea mashine, nilipima mimi. Oili ilikuwa imekwisha. Katibu hakuwepo, nikaona Gabrieli atapima mwenyewe. Nikamdanganya baba kwamba iko sawa."

Wengine walianza kunong'ona kwamba mtoto wa Alute hana adabu, anasema kwenye mkutano wa watu wazima. Lakini Fundi Hussein aliinua mkono.

"Marahaba, binti. Mwacheni. Na wewe Gabrieli, ulipoipokea ulipima?"

"Sikupima," akajibu Gabrieli kwa sauti ndogo. "Nilijua Alute amepima."

"Na kabla ya Alute alikuwa nani?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. "Mimi. Kijiti kilionyesha kidogo. Nikasema Alute ataongeza."

Kabla yake mwingine, na kabla yake mwingine tena. Wengine walikiri, wengine walitazama mawe. Ilionekana wazi kwamba tangu Petro aondolewe hakuna aliyewahi kubadilisha oili hata mara moja.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa. "Nawauliza tena. Mwangalizi ni nani?"

"Ni sisi wote," akasema Ndugu Lazaro, sasa kwa unyenyekevu.

"Wote ni nani? Nionyesheni nyumba yake nikamwamshe. Kwetu husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ninyi mlikuwa nao kumi na wawili, na usukani haukushikwa na hata mmoja! Mashine kuwa ya wote ni jambo jema. Kula unga wote, jema. Lakini kazi lazima iwe na mtu wa kuulizwa. Mtu mwenye jina, aliyefundishwa, na mwenye ruhusa ya kusema hapana hata kwa Mwenyekiti. Zamu mlipanga vizuri. Wa kuulizwa hamkumpanga. Mkimfunga huyu mfuga mbuzi, mashine ijayo itakufa vilevile."

Hakuna aliyepiga makofi. Jioni ile Halmashauri ilifuta neno la uhujumu. Ilimrudisha Petro kwenye kazi yake na kumpa vijana wawili wa kufundisha. Ufunguo wa stoo ya oili ukawa wake, si wa katibu. Petro alikubali bila kufurahi. Alikwenda akafunga mlango wa nyumba ya mashine, kwa maana hapakuwa na kitu cha kuendesha.

Spea haikuja mwezi wa nane. Haikuja wa tisa. Mwezi wa kumi Sijaona aliingia kwenye mtihani baada ya kusaga tangu alfajiri. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali anayoyajua na mengine ambayo wenzake walifundishwa siku alizokuwa Issuna. Hayo aliyatazama tu mpaka muda ukaisha.

Mashine ilianza kunguruma tena mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Wanawake walipiga vigelegele. Jumamosi mchana Petro akafunga mlango kusafisha, na foleni nzima, Ndugu Lazaro akiwa ndani yake, ikakaa chini ikangoja bila kunung'unika.

Wiki mbili baadaye majina yakaja. Mwalimu Chrispin aliyasoma mbele ya shule. Walichaguliwa wavulana wawili. Alipomaliza aliikunja karatasi polepole, akamwendea Sijaona. "Ningekuwa na jina la tatu lingekuwa lako," akasema, akaondoka haraka.

Sijaona hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye mashine, maana debe lao lilikuwa foleni na kazi haingoji mtu amalize kulia. Baba yake alikuwa pale. Habari ilikuwa imefika kabla yake, kama habari mbaya zifanyavyo.

Mzee Alute alimwangalia binti yake. Kisha akageuka akaikabili foleni, watu kama ishirini, akasema kwa sauti kubwa kuliko walivyozoea kumsikia.

"Sikilizeni. Siku ile ya mkutano mtoto huyu alisimama, mimi nikakaa. Zamu ilikuwa yangu. Kwenda kupima kulikuwa kwangu. Nilimtuma mtoto kazi ya mtu mzima, na jambo lilipoharibika nikamwacha alibebe yeye. Alidanganya neno moja, akalikiri. Mimi nilinyamaza miezi sita. Kosa hili lina mwenyewe, naye ni mimi."

Akamgeukia Sijaona. "Mwanangu, ukweli wako ulimwokoa Gabrieli na watoto wake saba. Wewe haukukuokoa, na mimi siwezi kukurudishia ile nafasi. Lakini shika hili, na uwafundishe wadogo zako. Kazi ukipewa ni yako mpaka umkabidhi mwenzako kwa mdomo, na kasoro zake zote. Ukisema mwingine ataona, umekwisha kuiacha."

"Nimesikia, baba," akasema Sijaona.

Petro aliita debe linalofuata. Lilikuwa lao. Baba alishika upande mmoja, Sijaona akashika wa pili, wakaliinua.