Nani Alimaliza Chaji ya Kushoto?

Jumapili ya tangazo langu la pili la ndoa, niligundua kuna mwanamke anavaa sikio la mchumba wangu.

Msinicheke. Someni kwanza...

Naitwa Kristiana. Nauza vifaa vya simu hapa Sumbawanga, kibanda changu kipo jirani na stendi. Chaja, kava, protekta, na hizi earphone ndogo zisizo na waya ambazo kila kijana wa mjini anatembea nazo masikioni siku hizi.

Mchumba wangu Cleophas ni dereva wa fuso. Anabeba mahindi kwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Nilimpa earphone kama zawadi ili tuongee akiwa njiani. Nilimchagulia zile zinazokaa na chaji, mtu anaenda Kasesya na kurudi bado zinafanya kazi.

Sasa hapa ndipo kesi ilipo.

Sikio la kushoto la Cleophas halisikii. Liliumwa akiwa mtoto, likatoka usaha, basi likafa. Ukimwita upande huo hageuki. Kwa hiyo anavaa ya kulia tu. Ya kushoto inashinda kwenye kikasha cha kuchajia, imejaa, haina kazi.

Jumapili hiyo padri alisoma majina yetu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Nje ya kanisa aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Asnath, mtoto wa mama yangu mdogo, ndiye mpambe wangu. Alipiga mpaka sauti ikakauka.

Tukarudi nyumbani Milanzi. Cleophas anakula ugali wa ulezi na mama, mimi nikachukua earphone zake nizikague. Mazoea ya kazi tu. Nikaziunga na simu yangu, kioo kikaniambia: kulia, nusu.

Kushoto... sifuri.

Nikamuuliza Cleophas kwa upole. Akanijibu huku anatafuna kwamba vitu vya Kichina ndivyo vilivyo, itakuwa imekufa.

Imekufa wapi? Kikasha nacho kilikuwa kimeisha chaji; nilikichomeka kwenye umeme palepale, mama hajamaliza hata kuosha vyombo ya kushoto ikawa imejaa. Nikamwambia aniachie nizipime. Kesho yake nikaivaa kibandani tangu nafungua, redio na kwaya bila kupumzika, jua likapita utosini chaji bado ipo.

Nzima kabisa. Chaji ya namna hiyo haiishi yenyewe kwenye kikasha. Kuna mtu anaimaliza, na huyo mtu siyo Cleophas.

Nilikasirika sana. Nikajua ni mwanamke wa Kasesya. Nikamchora kichwani: ana wigi, anauza soda pale mpakani, anacheka ovyo. Wakati napanga bidhaa namtukana, wakati nahudumia wateja namtukana.

Lakini sikupiga kelele. Nilichukua rangi ya kucha, ile isiyoonekana, niliyonunua kwa ajili ya harusi yangu. Nikapaka vile vidoti viwili vya shaba chini ya earphone ya kushoto. Chaji inaingilia hapo. Ukishapaka, ilaze kwenye kikasha mpaka Krismasi, haipati kitu.

Nikaitumia mpaka ikazima. Nikamrudishia zote mbili, nikamtakia safari njema.

Cleophas asingejua. Angejua huyo anayeivaa ya kushoto.

Alhamisi, Asnath akaja kibandani.

Niwaambie kuhusu Asnath. Tangu nifungue kibanda hajawahi kulipia kitu. Kava anachukua, chaja anachukua, anasema kwa dada ni bure. Nami namwacha, kwa sababu mama mdogo alipofariki Asnath alihamia kwetu, tukawa tunalala kitanda kimoja. Gauni lake la komunyo ya kwanza nilimvalisha mimi.

Akaingia bila hodi, akajinyakulia karanga zangu mezani. Kisha akatoa kitu kwenye pochi.

"Dada, hii haishiki chaji. Mwenzake wa kulia anajaa, hii naiweka wee, wapi. Nibadilishie."

Nyeupe. Ya kushoto.

Jamani, nyeupe kama hizo nauza kila siku, ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Nikaigeuza, nikakwaruza vidoti kwa ukucha. Ukabanduka utando mwembamba unaong'aa.

Rangi yangu ya harusi.

Nilitamani kumpiga na kiti. Naapa. Asnath huyu huyu aliyeniambia anaogopa fuso, akienda popote anapanda basi! Badala yake nikavuta kikasha kipya kabatini, nikailaza ndani, nikamwambia akae kidogo. Hizi zikichajiwa dakika chache tu, unapata maongezi ya kutosha.

Akakaa. Akaendelea na karanga.

"Na ya kulia anavaa nani?"

"Rafiki yangu tu, dada."

"Yeye ya kushoto haitaki?"

"Anasema moja inamtosha."

Alisema hivyo ananiangalia usoni, mdomo umejaa karanga zangu.

Nikampa earphone yake. Akavaa. Akatabasamu, akasema imekamata, muziki unapiga safi.

Muziki wa nani?

Wasomaji wangu, hiki kitu hakina muziki wake. Kinavuta kwenye simu, na simu ikiwa mbali hakivuti. Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, pembeni ya mashine ya kusaga, limeegeshwa fuso ninalolijua mpaka mkwaruzo wa mlango wake. Cleophas alikuwa anamsubiri Asnath.

Nikachukua simu yangu, nikampigia Cleophas.

Asnath akaruka. Simu ilikuwa inaita ndani ya sikio lake! Akaigusa haraka ili inyamaze. Hakujua kuwa kwa aina hii, kugusa ni kupokea.

"Halo mpenzi," Cleophas akasema. "Nipo Kasesya huku, foleni imenishika vibaya."

Asnath akaganda na karanga mkononi. Alimsikia vizuri kama mimi.

Nikamwambia Cleophas pole na foleni. Halafu nikasema polepole, kila neno lifike:

"Asnath yupo mbele yangu, anakusikia kwa sikio la kushoto. Wewe nisikie kwa la kulia. Nilitaka mnisikie wote kwa pamoja, nisirudie. Harusi hakuna."

Akaanza kuita jina langu, Kristi, Kristi, sivyo unavyofikiri. Nikamuuliza ni ipi sivyo, Kasesya au Asnath? Nilichosikia ni fuso linawashwa ng'ambo ya barabara.

Hakushuka. Hakuja kuniomba msamaha, wala hakuja kumchukua huyo mwenzake aliyekuwa analia kibandani kwangu. Aliondoa gari, akapita mbele yetu ametazama mbele, akaishilia upande wa stendi.

Asnath akashika sikio.

"Dada... imekata."

"Siyo chaji, mdogo wangu. Chaji ipo. Aliyeondoka ni mwenye simu."

Akaivua, akaiacha mezani, akatoka anajifunika uso kwa mtandio. Karanga alizimaliza.

Jioni hiyo nikaenda parokiani. Nikamwambia padri kwamba ile pingamizi aliyoulizia ipo, na mwenye pingamizi ni bibi harusi. Jumapili yakasomwa majina ya wengine, yetu hayakusomwa. Watu wakageuka kunitazama, nami nikawatazama vilevile mpaka wakageuza shingo zao. Mama alinishika mkono, akasema afadhali tangazo la tatu lilikuwa bado.

Nililia? Nililia sana. Sitawadanganya.

Lakini dada zangu, chukueni hili. Mimi macho yote niliyapeleka mpakani, nikamtukana mwanamke wa soda ambaye hata hayupo, kumbe anayeniibia anakula karanga mezani kwangu. Mtu akizoea kuchukua vyako bila kuuliza, usidhani ataishia kwenye kava za simu. Na wewe uliyemzoesha, anza kumkatalia na vidogo, kama nilivyopaswa kumkatalia mimi.

Asnath, najua unasoma hapa, maana hata bando unalotumia nilikuungia mimi.

Ile ya kushoto njoo uichukue. Imejaa.