Diski Iliyotoka Baridi

Diski ikitoka kuchomwa huwa ya vuguvugu, kama chapati iliyokaa kidogo sahanini. Harithi alilijua hilo kwa vidole vyake, maana kazi ya kupiga video za sherehe na kuzichoma kwenye diski ndiyo iliyomlisha. Lakini diski ya kwanza ya sherehe ya Nandagala alipoishika ilikuwa ya baridi. Akaisogeza puani bila kujua kwa nini. Ilinuka nywele zilizoungua.

Kwenye kioo cha kompyuta, programu ya kuchomea ilikuwa imeandika kwamba kazi imeshindikana. Ilikwenda vizuri njia nzima, ikaja kukwama ukingoni kabisa. Harithi akasonya, akaitupa diski pembeni, akaweka nyingine.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga mjini Nachingwea, karibu na soko. Katika chumba cha nyuma aliishi na mkewe Mwantumu na binti yao wa pekee, Shadya, mtoto wa miaka sita mwenye maneno ya bibi kizee. Wapo wanaodhani diski zimekufa siku hizi kwa kuwa kila mtu ana simu. Hao hawajafika Nandagala, wilayani Ruangwa, ambako mzee akimtoa mwali wake unyagoni anataka kitu cha kushika mkononi, akitie kwenye deki, aite majirani waje watazame. Amiri, mkulima wa korosho na mtama, alikuwa mzee wa namna hiyo. Binti yake Saada alikuwa ametoka, na baba mtu alitaka nakala za ukoo mzima.

Kulikuwa na jambo Harithi hakumwambia Amiri. Asubuhi ya sherehe, ngoma haijaanza, Bi Hadija, kungwi aliyewafunda Saada na wenzake, alikwenda kuweka unga wa mtama kwenye shina la msolo, mti wa matambiko, kuwaarifu waliotangulia kwamba mtoto amekua. Jambo hilo hufanywa kimya na watu hutazama kando. Bi Hadija alimwambia Harithi azime kamera. Harithi akaitikia kwa adabu zote, akaiacha imesimama kwenye miguu yake, akaenda kunywa uji, kamera inaendelea kula picha. Ndugu wa Dar wanapenda mambo ya asili, alijisemea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubaya ni kwamba mara nyingine guu lenyewe si lake.

Alipofika nyumbani akakuta kwenye kipande kile, nyuma ya Bi Hadija, kuna mwanamke amekaa chini, kajitanda kaniki, kaipa kamera mgongo. Hakukumbuka kumwona. Hata hivyo hakujisumbua, kwa sababu sherehe haikosi wazamiaji.

Na diski zilipoanza kukwama hakuona jini, aliona programu mbovu. Alibadilisha aina ya diski. Akapunguza mwendo wa kuchoma hadi wa chini kabisa. Akafuta jicho la mashine kwa pamba na spiriti, akafunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi kwenye kompyuta, akaifuta programu yenyewe na kuweka mpya. Zote zilikwama palepale, zikatoka baridi, zikinuka vilevile. Kila iliyoharibika aliijaribu kwanza kwenye deki ya chumba cha nyuma aone imeishia wapi, na Shadya alikuwa hapo mkekani, anatazama naye.

Ni Shadya aliyeona kwanza.

"Baba, yule mama kageuka."

Harithi akamuuliza mama gani.

"Huyo wa nyeusi. Jana sikio lake halikuonekana."

Harithi akazima. Alijiambia macho ya mtoto yana mambo.

Siku zile Amiri alifika kuulizia kazi yake. Harithi akamwomba uvumilivu. Amiri, mtu asiyependa kitu kipotee bure, aliona lile rundo la diski zilizoharibika akaziomba. Mtama wake ulikuwa umekomaa na ndege wanaumaliza. Diski ukizifunga uzi ukazining'iniza shambani, zinazunguka na upepo, zinamulika, ndege wanakimbia. Watu wote wa kule hufanya hivyo. Harithi akamfungashia zote kwenye mfuko wa rambo, akafurahi kwamba meza imepata nafasi.

Tangu diski zile zianze kuzunguka kwenye upepo wa Nandagala, Shadya alianza kukaa upande. Wakila, bega lake lilielekea ukutani kidogo. Kesho yake zaidi. Mwantumu alidhani ni deko la mtoto wa pekee. Akamwambia awatazame wazazi wake wanapoongea naye.

"Si nawatazama hapa," Shadya akajibu, na kisogo chake kikiwa kimewaelekea.

Hapo Mwantumu aliogopa, na hakuficha. Alimwambia mumewe aache kazi ile. Harithi akasema akishindwa kazi ya mwali hakuna mtu Ruangwa nzima atakayemwita tena, na akaenda kumwita Brighton, mtumishi wa ofisi ya wilaya aliyehamia kutoka Mbeya, fundi wa kompyuta na mtu wa kucheka mambo ya kienyeji. Brighton alikagua, akasema ugonjwa hauko kwenye programu, uko kwenye faili, tena kwenye kile kipande cha msolo. Akakikata, akakitupa, akafungua kazi tangu mwanzo ili aone kama imekaa sawa.

Yule mwanamke alikuwa amehamia kwenye ngoma. Alikaa chini katikati ya uwanja, wanawake wanacheza wakimzunguka, na hakuna aliyemkanyaga wala aliyemtazama. Shavu lake lilionekana sasa, na pembe ya mdomo.

"Choma tu," Brighton akanong'ona, kwa sababu alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba itakubali.

Wakachoma. Ilikuwa mchana, jua kali, nje mama wa mihogo ananadi mihogo yake, na mashine ilivuma vizuri mpaka karibu na mwisho, ndipo umeme ukakatika. Feni ikasimama, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, redio ya duka la jirani ikanyamaza, na katika ukimya ule wote watatu, maana Mwantumu alikuwa amekuja kusimama mlangoni, walisikia mashine ya kuchomea ikiendelea kuzunguka, bila umeme, kwa kasi inayopanda, ikilia kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayejizuia kucheka, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka ikajaa chumba mpaka macho yakawatoka machozi, na bado ilizunguka, mpaka ilipoamua yenyewe kusimama, ikafungua kinywa chake taratibu na kuisukuma nje diski iliyokuwa na umande juu yake.

Brighton aliondoka bila viatu vyake. Mwantumu alikimbilia chumba cha nyuma. Shadya alikuwa amekaa mkekani, uso umegusa ukuta, na mama yake alipomshika mabega kumgeuza hakugeuka, akawa mzito kama gunia la korosho.

"Mama," mtoto alisema ukutani, "mbona mmehamia mbali?"

Mwantumu hakumsubiri mumewe aseme neno. Alichukua bodaboda hadi Nandagala, na jioni ile alirudi na Bi Hadija. Bibi yule hakuwa mwepesi wa Kiswahili, maana lugha yake ni Kimwera, basi alisema machache. Hakuitikia hata shikamoo ya Harithi. Alimtazama mtoto, akaitazama mashine, kisha akamgeukia baba mtu.

"Nilisema zima."

Harithi aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka mbele ya mkewe.

Bi Hadija alieleza kwamba yule ni mgeni wa msolo, anakuja kula unga na kurudi, na hatazamwi. Aliyemtazama amemwita. Kila diski iliyokataa, kapata mahali pa kukaa, na kila anapopata mahali pa kukaa hugeuka kidogo, akitafuta uso. Akauliza diski ziko wapi. Harithi akataja shamba la Amiri.

"Zirudi zote," akasema. "Mgeni haondoki nusu. Ikibaki moja, atakaa kwenye kiti cha mtoto."

Usiku kucha Mwantumu alilala mgongoni mwa binti yake. Asubuhi Harithi alikuwa shambani kwa Amiri. Walikata nyuzi moja moja, wakitazama chini, na Harithi aliapa baadaye kwamba mtama pale haukuwa na sauti hata ya mdudu. Alimuuliza Amiri kama ndizo zote. Amiri akatazama kando, akasema ndizo.

Alikuwa amempa moja mkwewe, Mzee Hamidi wa Chunyu. Aliikumbuka vizuri. Lakini mtu utamwendeaje baba wa mkeo ukamwambie zawadi niliyokupa ina jini, nirudishie? Amiri aliona aibu hiyo ni kubwa kuliko diski moja, akanyamaza.

Diski zilitiwa kwenye chungu pamoja na ile ya mwisho, zikamwagiwa unga wa mtama, zikafukiwa chini ya msolo. Faili likafutwa. Bi Hadija alizungumza na ardhi kwa Kimwera, kwa upole, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekunywa. Na kule Nachingwea, Mwantumu akiwa amemkumbatia, Shadya aligeuka. Aligeuka mzima, akamtazama mama yake, akatabasamu. Mwantumu alilia mpaka sauti ikakauka.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Shadya alikula, alikwenda shule, alikaa akiwaelekea wazazi wake kila wakati. Kila wakati kabisa. Hata Mwantumu akizunguka nyuma yake kuchukua ndoo, alikuta uso umeshamfuata. Maneno ndiyo yaliyopungua; alitabasamu zaidi kuliko kusema. Wazazi wakaona ndiyo kupona, kwa sababu walitaka iwe hivyo.

Kisha siku moja ya soko Amiri aliingia studio, akakaa pembeni ya kiti, akizungushazungusha kofia mkononi. Mkwe wake alikuwa amemtuma diski nyingine. Ile aliyompa wakati ule, alisema bila kumtazama Harithi, ilikuwa imefanya kazi ajabu. Ndege hawakanyagi tena Chunyu. Hata kuku wa mzee wamehama.

Harithi aliinuka. Alisukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Mwantumu alikuwa amekaa kwenye kigoda anamsuka binti yao, mtoto amekaa mkekani katikati ya magoti yake, anaelekea mlangoni. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Shadya alimtazama baba yake akatabasamu, midomo imefungwa, na midomo ile haikutikisika hata kidogo wakati sauti ya mwanawe, ndogo na ya mbali, ilipotoka upande wa pili, chini ya vidole vya mama yake.

"Mama, mbona unanisuka usoni?"