Maharagwe ya Kabare

"Mugisho, mbona huli? Si leo tunasherehekea?"

Walikuwa wamekaa kwenye meza za chakula ndani ya maduka makubwa ya Roseville, na tangu wakae, mwenye maneno alikuwa Jeptoo. Alikuwa mwaka wa nne wa uzamivu wa kilimo kule Saint Paul, akitafuta aina ya maharagwe inayostahimili ukame. Wiki hiyo, Februari ya 2016, aliamini ameipata. Katika aina kumi alizozinyima maji siku kumi na mbili, tisa zilikuwa zimenyauka. Moja tu ilibaki imesimama, na hiyo ilitoka Kabare, kwao Mugisho, huko Kivu.

Profesa alishamwambia aanze kuandika, ili mwezi wa tano atetee tasnifu yake. Mugisho alijua maana ya hilo, kwa kuwa Jeptoo alimwekea sharti: digrii kwanza, harusi baadaye. Jumamosi wazazi wa Mugisho wangekwenda kujitambulisha kwa mjomba wa Jeptoo, Oakdale.

"Yaani maharagwe ya kwenu ndiyo yananiozesha," Jeptoo alisema akicheka. "Mama yako akisikia, ataniringia hadi nikome."

Mugisho aliweka uma chini.

"Jeptoo, yale maharagwe niliyamwagilia mimi."

Akamweleza bila kujitetea. Jeptoo alipokwenda Chicago kwenye mkutano wa watafiti, alimwachia ufunguo wa nyumba ya vioo alimopanda maharagwe, jambo lisiloruhusiwa, kwa sababu mtambo wa joto ulikuwa unasumbua. Kazi ilikuwa kusoma kipimajoto na kumtumia picha. Siku ya tatu Mugisho alipita akitoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee. Majani yalikuwa yamelegea kama nguo zilizolowa. Alikuwa anaondoka alipoona kibandiko kwenye vyungu vinne: Kabare. Mama yake alikuwa akilima maharagwe hayo. Siku waliyokimbia waliyaacha shambani yakiwa yameanza kukomaa. Katika nchi hii jina hilo alikuwa hajaliona popote ila kwenye karatasi zao za ukimbizi. Akafungua chupa yake ya maji.

"Ulimwagilia aina zote?" Jeptoo aliuliza.

"Ya Kabare tu."

"Maji kiasi gani?"

"Chupa moja. Kesho yake tena moja."

Jeptoo alikuwa akiuliza polepole, kama daktari anayemhoji mgonjwa. Mugisho angependa zaidi atukanwe.

"Nilikwambia usiguse kitu."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

"Roho ilikataa, chérie. Nilionaka jina ya kwetu pale, inakufa na kiu. Sikufikiri kazi yako. Nilifikiri mama."

Jeptoo alitazama sahani yake.

"Na nimerudi, ukakaa siku tatu ukiniangalia nikifurahi."

"Ndiyo. Pale ndipo nilikosa kabisa."

Jeptoo akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote bila haraka. Akasema Jumamosi wasije. Alikataa kupelekwa kwa gari, akaenda kungoja basi kwenye theluji.

Mugisho alirudi Inver Grove Heights akamweleza mama yake, Mama Goretti. Mama akamuuliza kwa nini hakufunga mdomo mpaka harusi ipite. Mugisho akajibu kwamba Jeptoo angesimama mbele ya maprofesa na uongo ambao si wake, ukiwa na jina lake juu. Mama Goretti akaendelea kumenya ndizi.

Ijumaa mchana, akiwa kazini na sinia la supu mkononi, Mugisho alipata ujumbe wa Jeptoo.

"Nimemwambia profesa yote, hadi ya ufunguo. Amenikaripia sana. Narudia jaribio lote. Nitamaliza mwaka ujao."

Akajibu kwa kidole kimoja: "Pole sana. Ukinichukia, sitalalamika."

Simu ikaita.

"Uko job?"

"Niko. Naweza kuongea kidogo."

"Profesa aliuliza nimejuaje. Nikasema aliyefanya amekuja mwenyewe. Akauliza, huyo mtu angepoteza nini akinyamaza? Nikasema hangepoteza kitu. Nikaenda choo nikalia."

Mugisho aliweka sinia mezani.

"Ungenyamaza, mwezi wa sita ningekuwa bibi yako. Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo sababu ilinichukua siku tatu."

"Bado nimekasirika, Mugisho. Nitakasirika hadi vitu nilivyopanda vitoe maua."

"Ni haki yako."

"Mjomba ameshanunua mbuzi. Anauliza wageni wanafika saa ngapi."

Mugisho aliegemea ukuta.

"Lakini digrii bado."

"Digrii ni yangu, nitaihangaikia mwenyewe. Sharti niliweka mimi, na leo nimeliondoa. Nilikuwa nangoja kujua kama naweza kukuamini, na kumbe hilo halikuhitaji digrii. Mwambie Mama Goretti saa saba. Na msichelewe, mjomba hana subira na mambo yenu ya Kikongomani."

Akakata kabla hajajibiwa.

Mzee wa chumba cha nne alilalamika kwamba supu imepoa. Mugisho akamwomba radhi, akamwambia anaoa.

"Basi niletee hiyo hiyo," mzee alisema, "ukae hapa unieleze ni nani."