Kikapu Kilichoatamia Maharage

Jambo la kwanza nililoliona ni kucha za baba. Zilikuwa safi.

Baba yangu ni fundi rangi. Tangu nikiwa mdogo nilijua alikofanya kazi kwa kutazama kucha zake. Zikiwa za samawati, alikuwa anapaka zahanati. Zikiwa nyeupe, alikuwa juu ya ngazi, chini ya dari la mtu. Asubuhi hiyo alishika kikombe cha chai, nikaona kucha zote zimetakata kama za karani. Nikajua kazi hakuna. Lakini kila siku aliondoka na brashi zake, na kila jioni alirudi nazo.

Sikuuliza. Mimi si mtu wa kusema. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipougua na mdogo wangu akahitaji mtu wa kumlea. Hata darasani majibu niliyajua, ila mkono haukupanda. Baba hunitania kwamba ulimi wangu nimeuweka akiba.

Jambo la pili lilikuwa sufuria ya mama. Tunakaa chumba kimoja katika nyumba ya kupanga. Milango yote inatazama ua mmoja, na kila mtu anapika mbele ya mlango wake. Huwezi kuficha chakula chako, na huwezi kuficha kwamba huna chakula. Siku hiyo mama aliwasha jiko, akapepea, akabandika sufuria kubwa. Kifuniko kikaanza kucheza. Mvuke ukatoka. Harufu haikutoka. Nikafunua, nikakuta maji matupu.

Mama alikirudisha kifuniko upesi. Akaninong'oneza kwamba majirani wasijue. Kisha tukaingia ndani, tukafunga mlango, tukala mkate wa jana.

Mkaa ulikuwa umepanda bei mwezi huo, na sisi tulikuwa tunauchoma ili watu waone moshi.

Jioni baba alisema amempigia simu dada yake. Shangazi ana duka katika mji mwingine. Angekuja mwisho wa mwezi kunichukua, nikakae kwake na kumsaidia dukani. Kwake chakula kipo asubuhi, mchana na jioni. Baba aliyasema hayo akiutazama ukuta, kama mtu anayetafuta mahali rangi ilipobanduka. Mwishoni akaniuliza kama nimesikia. Nikaitikia kwa kichwa. Wakadhani nimekubali. Mama akashusha begi kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliweka kando ya mlango.

Chumba cha jirani anakaa fundi wa magodoro. Ni mama mtu mzima, mjane, mwenye mikono minene na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Anajaza magodoro kwa sufi na vipande vya nguo. Sufi humganda kichwani mpaka utadhani ana mvi za miaka mia. Sote tunamwita Bibi Godoro, naye anaitika bila kununa.

Siku chache baadaye alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na jiko letu. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akanong'ona, na mimi sikuwahi kumsikia akinong'ona.

"Mwanangu, maji hayaivi," alimwambia mama. "Hata ukiyapikia gunia zima la mkaa."

Mama akainamisha kichwa. Nilidhani atalia. Lakini Bibi Godoro akaanza kusimulia mambo yake. Mumewe alipofariki, hata yeye aliona aibu. Yeye hakuchemsha maji. Alikaanga kitunguu. Kitunguu kimoja, kile kile, kila siku, kwa sababu harufu ya kitunguu kinachokaangwa ni harufu ya nyumba yenye neema. Alikikaanga mpaka kikawa cheusi kama kaa. Siku moja jirani mmoja harufu ikamshinda, akaja na sahani yake mkononi, akasema amekuja kukaribishwa.

"Ukafanyaje?" mama aliuliza.

"Nikamkaribisha. Tukakitazama wote wawili."

Mama alicheka. Cheko lilimtokea puani kwanza, halafu likafungua mdomo, halafu akashika mbavu. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia hivyo. Baada ya kucheka, ukweli ukatoka wenyewe. Alisema maharage yapo kidogo kwenye kopo. Tatizo ni mkaa. Maharage yanakula mkaa kuliko sisi tunavyoyala maharage.

Bibi Godoro akavuta kigoda mbele. Macho yake yalimeta kama ya mtu anayetaka kukuonyesha kitu alichokificha chini ya kitanda.

"Usiku unajifunika blanketi," alisema. "Blanketi lina moto ndani?"

"Halina."

"Mbona basi unapata joto?"

Mama akafikiri. Akasema joto ni la mwili wake mwenyewe, blanketi linalizuia tu lisitoke.

"Umejibu vizuri. Sasa sufuria nayo ilaze."

Akaeleza, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya mama, masikio wima. Maharage yakishachemka, joto limo tayari ndani. Lakini sufuria juu ya jiko inapoteza joto kila upande, na sisi tunaongeza mkaa ili kulifidia. Tunaupasha ua mzima. Ukilizuia joto lile lisikimbie, maharage yanaendelea kuiva yenyewe, bila moto.

Kazi ilianza saa ile ile. Tulichukua kapu letu kubwa la nguo chafu. Bibi Godoro akaleta mabaki ya sufi na nguo kuukuu. Tukatandika chini, tukajaza pembeni, tukashindilia pande zote, unene wa kiganja cha mkono, tukaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Mto wa kufunika juu nilishona mimi. Bibi Godoro aliuvuta mshono wangu huku na huku, ukakataa kufumuka. Akanitazama kwa muda, akasema kumbe huyu hasemi kwa mdomo, anasema kwa sindano.

Maharage tuliyachagua, tukayaosha, tukayaloweka usiku kucha. Asubuhi tukamwaga maji yale na kutia mapya. Bibi Godoro alisisitiza yachemke kwa nguvu, kifuniko kikiwa juu, muda wa mtu kufagia ua wote na kuteka maji na kurudi. Yasichemke kidogo tu, kwa sababu maharage yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Sufuria iwe imejaa karibu na ukingo, kwa sababu sufuria nusu inapoa haraka. Kisha ipanguswe kitako, isije ikabeba kaa la moto. Sufi ikishika moto, nyumba nzima inaondoka.

Tukaihamisha upesi, ikitokota, tukaifunika kwa mto.

"Sasa iacheni," alisema. "Asiiguse mtu mpaka mchana."

Mchana tulifunua. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto.

Mlinzi anayekaa chumba cha mwisho, yule tunayemwita Macho, alikuja kuangalia. Yeye hulinda ghala usiku na hulala mchana, lakini siku hiyo hakulala. Alitafuna moja, akalitoa mdomoni, akauliza kama ni ya kula au ya kujengea. Mama hakucheka. Mkaa wetu wa mwisho ulikuwa umeishia pale. Niliangalia begi kando ya mlango.

Bibi Godoro hakujibu mzaha. Aliugusa mto upande wa chini. Ulikuwa umelowa. Akauliza nani amefunua.

Mdogo wangu akasema, "Baba. Mara nyingi."

Baba akajikuna shingo. Alisema alikuwa anaangalia tu kama imekauka. Watu wote wakamtazama. Hata yeye akasikia alichokisema. Fundi rangi hawezi kupita ukuta mbichi bila kuugusa kwa kidole. Ni mazoea ya kazi. Kila alipopita karibu na kapu, kidole kilimwasha. Alinyanyua mto, akafunua kifuniko, akabonyeza harage moja, akafunika.

"Shemeji," alisema Macho, "wewe ulikuwa unapika au unapaka?"

Hapo mama alicheka, na baba naye, ingawa kwa uchungu. Bibi Godoro akaeleza kwamba kila ukifunua, mvuke unaondoka, na mvuke ndio joto lenyewe. Hapa chini hakuna moto wa kulirudisha. Kapu linataka subira kuliko mkaa.

Mama alisema subira tunayo, mkaa hatuna. Ndipo Bibi Godoro akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunaliona kila siku bila kuliona. Yeye huchemsha chai asubuhi. Chai ikishachemka, makaa yanabaki yanawaka bure mpaka yawe majivu. Mlango wa pili hivyo hivyo. Mlango wa tatu hivyo hivyo. Akasema kesho mama alete sufuria yake kwenye jiko lake.

Nilimwona mama akisita. Kupeleka sufuria kwenye jiko la mtu mwingine ni kutangaza kwamba lako halina kitu. Lakini kesho yake alfajiri aliibeba kichwani, akavuka ua, mbele ya watu wote. Hakuna aliyemcheka. Mama mmoja alisogeza kigoda chake ampishe.

Maharage yalichemka kwenye makaa ya chai ya Bibi Godoro. Tukapangusa, tukahamisha, tukafunika. Mara hii mimi nilikaa chini kando ya kapu, nikalikumbatia kwa mikono miwili.

Baba akaja, akajifanya anatafuta kandambili. Nikatandaza mikono. Akaenda, akarudi upande mwingine. Nikageuka naye. Macho akaburuta kiti chake kutoka chumbani, usingizi umemwisha kabisa.

"Msimsogelee huyo," aliwaambia watu. "Kuku anaatamia. Atadonoa mtu."

Tangu hapo jina la kapu likawa kuku. Watoto wakawa wanakuja kuuliza kama ameshatotoa. Mama aliyekuwa anafua alifua nusu, akaacha. Fundi viatu wa barabarani akaingia kuuliza kuna msiba au harusi, akaambiwa ni maharage, akabaki. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka kwenye kapu. Sijui kama ni joto la sufuria nililolisikia kifuani au ni langu.

Jua lilipofika juu ya paa, Bibi Godoro akaniambia niondoke kiotani. Mama alinyanyua mto. Akafunua.

Mvuke ulimpiga usoni akarudi nyuma. Na harufu ilitoka, harufu kweli, nzito, ikazunguka ua mzima. Mama akachukua harage moja kwa kijiko, akalibana kwa vidole viwili. Likapondeka kama siagi. Akalibana la pili. Likapondeka. Watu wakapiga makofi kana kwamba mtu amefunga bao. Baba aliomba aruhusiwe kubonyeza moja, na siku hiyo akaruhusiwa. Tuliirudisha sufuria motoni ichemke tena kidogo, tukatia chumvi, tukala uani. Mlango wetu ulikuwa wazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Macho alitaka kuku wake, ili akirudi kazini asubuhi abandike, alale, aamke akute chakula. Mama anayefua alitaka. Nilishona mito mpaka vidole vikaota sugu. Asubuhi likawashwa jiko moja la ua, leo mkaa wa huyu, kesho wa yule. Sufuria zikapanga foleni, kila moja ikachemka kwa zamu yake na kwenda kulala kwenye kapu lake. Mama, kwa kuwa halindi tena sufuria, akawa anashinda na Bibi Godoro wakichambua sufi, na kwa kazi hiyo akaanza kulipwa. Baba naye, aliyekuwa akingoja kazi ya nyumba nzima, akaanza kukubali kupaka mlango mmoja, kiti kimoja, kitanda cha mtoto. Nyumba kubwa hazijarudi mpaka leo. Lakini mchana tunakula pamoja uani, na Bibi Godoro anaombwa arudie habari ya kitunguu, na kila akirudia, yule jirani anakuja na sahani kubwa zaidi.

Hata hivyo begi liliendelea kukaa kando ya mlango. Hakuna aliyeligusa. Baba alikuwa ametoa neno kwa dada yake. Mama alidhani natamani kwenda. Mimi nilikuwa nimeitikia kwa kichwa.

Mwisho wa mwezi shangazi akafika. Ni mtu mwema. Alituletea sabuni na sukari. Alikula maharage, akaongeza, akauliza yamekula mkaa kiasi gani. Mama akamweleza habari za kuku, na Macho akaeleza habari za baba, mpaka shangazi akafuta machozi kwa kanga. Alisema hata kwake watafanya hivyo.

Kisha akasimama. Akasema gari halimngoji mtu, mwanangu, chukua begi lako. Kwake nimeshatandikiwa kitanda.

Baba akautazama ukuta. Mama akaanza kukunja nguo zangu, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Bibi Godoro alikuwa na sindano mkononi, nayo ikasimama.

Nilisikia sauti, ndogo, imekwaruza. Ilikuwa yangu.

"Shangazi, mimi sitaki kwenda. Sikutaka tangu siku ile. Kwako nitashiba, najua. Lakini nitacheka na nani?"