Vitufe Vinne, Nyumba Moja

Siku ya boti la Moba, usiulize kelele zake. Watu walisukumana mbele ya biro, ofisi ya boti ya Mama Léonie, pale bandarini Kalemie, magunia mabegani, harufu ya samaki wa ndakala ikiingia mpaka ndani ya daftari. Emerance, blauzi ya njano, kitenge cha bluu kimemkaa vizuri kiunoni, alikuwa anaandika majina ya abiria, na mkono ulishakufa ganzi.

"Mademoiselle, mbona unaandika kama unachora?" sauti ikasema.

Akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mfuko wa kompyuta mgongoni.

"Na weye mbona unapiga kelele kama kuku ya kuuzwa? Jina?"

"Ephraïm. Lakini usiniandike, siendi fasi yoyote. Nilisindikiza mama mudogo. Sasa nimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kupumzisha ule mukono."

Emerance akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Ephraïm alikuwa fundi wa programu kweli. Mama Léonie akakubali amtengenezee ya kuandikia abiria, naye akawa anakuja kila alasiri. Akafunga dirisha moja la programu, akafungua lingine, na mapenzi yakapita katikati. Baada ya miezi miwili yakafika kwa wazazi: Jumapili saa tisa, Ephraïm angekuja na mjomba wake Basile kwa Papa Télesphore, baba ya Emerance, kusema neno la posa. Viti vilishaazimwa parokiani.

Jumatano programu ikawa tayari.

"Jiandike weye wa kwanza, sheri wangu, nione," Ephraïm akasema.

Emerance akaandika jina lake. Chini ya jina kulikuwa na vitufe vinne vya duara: célibataire kwa asiye na ndoa, marié kwa mwenye ndoa, kisha homme kwa mwanaume na femme kwa mwanamke. Akabonyeza célibataire, akabonyeza femme, akahifadhi, akakimbia kumwita Mama Léonie aje aone maajabu. Aliporudi, Ephraïm alikuwa amefungua orodha, amesimama, uso umemkauka.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

Akabeba mfuko wake, akatoka. Chai yake ilibaki mezani na mvuke wake.

Alhamisi Emerance alipiga simu mara sita. Ikalia mpaka ikachoka. Ijumaa asubuhi ikapokewa.

"Ephraïm, nilikukosea nini?"

"Mi si muntu wa kuvunja nyumba ya wengine."

"Nyumba gani?"

"Muulize bwana yako."

Simu ikakatwa, na kila alipopiga tena haikupokewa.

Bwana gani? Emerance alikaa na swali hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Nani kamsema? Au ni Ignace, binamu yake anayemrudisha jioni na moto, pikipiki yake, watu wamemdhania? Nyumbani mama yake alikuwa anafua vitambaa vya meza akiimba. Angemwambia nini? Kila pikipiki ikikata kona alisimama, ikipita alikaa. Jumapili ilikuwa inakuja, na yeye hakujua kama kuna mtu atakayekuja nayo.

Jumamosi, siku ya boti, orodha ya abiria ikabandikwa mlangoni. Wa kwanza kuisoma alikuwa Abbé Symphorien, padri wa parokia, miwani puani, kanzu imeshikwa juu isiguse matope.

"Mwanangu, mimi nimeoa lini?"

"Samahani, Abbé?"

"Imeandikwa hapa. Symphorien, marié. Askofu amejulishwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Élisabeth, mjane, akasogea. "Na mimi je? Bwana yangu tulimuzika Mpala. Munamufufua bila kuniambia?"

Emerance hakucheka. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini: marié, marié, marié, mpaka mtoto wa miezi sita anayenyonya. Na juu kabisa, jina lake mwenyewe la Jumatano. Marié.

Akakaa mbele ya mashini ya kompyuta, akabonyeza célibataire. Nukta nyeusi ikatokea. Akabonyeza femme. Nukta ikatokea kwa femme, na ile ya célibataire ikatoroka.

Tegua kitendawili hiki: ndugu wanne, kiti kimoja, anayeketi humwondoa aliyekuwapo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, na siku zote hizi alikuwa anaangalia vitambulisho vya watu, haangalii kioo cha mashini.

Akaazima simu ya Mama Léonie, akampigia Ephraïm.

"Alo, Mama Léonie?"

"Si yeye. Usikate! Programu yako imeoza padri."

"Imefanya nini?"

"Imemuoza Abbé Symphorien. Kuja, yuko hapa, amekasirika."

Ephraïm alishuka kwenye moto shati halijafungwa vifungo vyote. Emerance akabonyeza mbele yake, mara moja, mara mbili. Kijana akashika kichwa.

"Paneli! Nilisahau paneli."

"Sema Kiswahili," akasema Abbé.

"Ni kama chumba, Abbé, unawekea vitufe ndani. Ndoa ilitakiwa kuwa na chumba chake, homme na femme chumba chao, kila chumba kichague kivyake. Mi niliviacha vyote sebuleni, mashini ikaviona jamaa moja. Na niliiambia, asiye célibataire muandike marié." Akageuka. "Emerance, mupenzi, nisamehe. Niliona jina lako, nikaona..."

"Uliona mashini." Emerance akagonga kioo kwa kidole. "Uliiamini ile, mi haukuniuliza. Siku tatu, Ephraïm! Mi sina kinywa?"

Hata wabeba mizigo walisimama.

"Uniulize sasa," akasema Emerance.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa."

Ephraïm akamsogelea. "Emerance, uko na bwana?"

Alimwacha hapo jasho limtoke. Boti likapiga honi, hakuna aliyesogea.

"Sina," akasema mwishowe. "Na kesho mukichelewa kupita saa tisa, sitakuwa naye kabisa."

"Tutafika saa nane!"

"Basi kaa, tengeneza hizo paneli. Abbé anataka kusafiri bila bibi."