Miguu ya Uyoga

Mshonaji alikuwa mtu wa usafi. Katika chumba chake cha kushonea hukuti uzi sakafuni. Pini zilikuwa na kopo lake, vipande vya kitambaa vilikuwa na kapu lake. Mteja mwenye tope alivua viatu kabla hajaambiwa.

Jumamosi moja, baada ya mvua ya siku mbili, alichukua mkasi wake wa zamani akaenda kuchuma uyoga. Ulikuwa umeota penye kichuguu na chini ya mti wa karibu, nyuma ya nyumba za mwisho. Alirudi na beseni limejaa uyoga mweupe, bila hata chembe ya udongo.

"Mama Udongo aje aone!" mumewe alisema akicheka. "Yeye anauza uyoga na shamba zima juu yake."

Mama Udongo alikuwa jirani yao, muuza uyoga. Watu wa sokoni walimpa jina hilo kwa sababu uyoga wake ulifika na matope. Hakuwahi kukasirika.

Mshonaji alikata uyoga vipande, akabandika sufuria jikoni. Binti yao wa miaka minne alikaa na sahani yake tayari.

"Hodi humu! Nimefuata aproni yangu."

"Karibu, Mama Udongo. Viatu..."

"Nimeshavua, nakujua." Akachungulia beseni lenye uyoga uliobaki. "Umechuma mwenyewe? Hongera! Miguu yake iko wapi?"

"Miguu?"

"Huku chini, unakoingia ardhini."

"Nimekata kwa mkasi, juu ya udongo. Sitaki uchafu jikoni kwangu."

Mama Udongo aliacha kutabasamu. "Shoga, epua sufuria kwanza. Kisha unionyeshe ulipokata."

"Jamani, na njaa hii!" mume alisema. "Konokono wameutafuna, nimeona alama. Ungekuwa na sumu wangekufa."

"Konokono hula sumu bila kuumwa, shemeji. Wewe una gamba?"

Mume akacheka, lakini sufuria aliiepua yeye mwenyewe.

Kwenye kichuguu, Mama Udongo alichimba kwa kijiti. Alichimba taratibu, kama fundi anayefumua mshono kwenye kitambaa cha bei. Shina lililokatwa lilishuka chini, likawa jembamba na refu kama mzizi.

"Huu ni wetu, wa kula, naujua. Unaona unavyoingia kichuguuni? Na pale chini ya mti, ulikata pia?"

"Ndiyo. Si uleule mweupe?"

Mama Udongo alichimba tena. Safari hii shina halikuwa na mzizi mrefu. Lilisimama ndani ya kikombe cheupe, kama ganda la yai lililopasuka. Uyoga wa kando yake, ambao haukukatwa, ulikuwa na pete shinani, kama kola iliyochanika.

"Huu unaua," alisema kwa upole. "Kwa juu ni kama pacha wa ule mwingine. Pete inaweza kuanguka mvua ikinyesha. Kikombe hujificha udongoni. Ukikata juu, unaiacha alama chini."

Mshonaji aliketi kwenye majani yenye maji, na gauni lake safi. "Nilikuwa karibu kumpakulia mwanangu," alisema.

Baadaye akauliza, "Na kama ungechemka sana?"

"Moto hauondoi sumu hii. Wala chumvi, wala kitunguu. Tena haiumizi papo hapo. Unaweza kukaa karibu nusu siku ndipo tumbo lianze. Kisha unapata nafuu, unadhani yameisha, kumbe ini linaharibika. Aliyekula asingoje kuumwa. Akimbie hospitali, na mabaki ya uyoga achukue."

"Nikichagua ule mzuri?"

"Vipande utavitambuaje?"

Mshonaji alirudi nyumbani, akachimba shimo. Alimwaga uyoga wote shimoni, wa sufuriani na wa kwenye beseni, akaufukia. Akaosha vyombo, mkasi na mikono kwa sabuni. Mtoto alilia, kisha akala mayai.

Msimu ule wote wa mvua alimfuata Mama Udongo. Alijifunza kung'oa uyoga mzima na kuutazama wote: kofia, chini ya kofia, shina na mguu. Alijifunza kuuacha ule mchanga ambao haujafunguka, kwa sababu hapo wote hufanana na mayai. Alijifunza pia kwamba alama moja haitoshi.

Siku moja walikuta uyoga mwingi, mnene, wa kupendeza. Mama Udongo aliutazama kwa muda mrefu, akainuka.

"Siujui. Twende."

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Siujui," alirudia, bila aibu yoyote, akajipangusa magoti.

Mshonaji alimtazama akitangulia na kapu lake nusu tupu. Hakuwahi kuona mtu akilisema neno hilo kwa heshima namna ile.

Siku hizi meza ya Mshonaji hujaa udongo. Binti yake hushika uyoga mmoja mmoja, akaugeuza na kuuliza kwa ukali, "Mguu wako uko wapi?" Mama yake hagusi ufagio mpaka kila mguu uonekane. Sokoni Mshonaji ameanza kuitwa Mama Udongo Mdogo.

Naye huitika, "Abee!"