Kidonda cha Fransiska

Hebu niambie, umewahi kulaumiwa kwa kosa usilolitenda, ukajitetea mpaka ulimi ukachoka?

Ndivyo yalivyomkuta Fransiska wa Gendabi alipokuwa darasa la saba. Kombaini za shamba la ngano la serikali zilipomaliza kuvuna, alikwenda kuokota masuke yaliyosazwa, bua kavu likamchoma kwenye muundi. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, lakini wiki zilipita, kikatunga usaha, kikafunga, kikafumuka tena.

"Unakikuna," alisema Verediana, mama yake, kila alipokiosha kwa maji ya chumvi.

"Sikikuni, mama."

"Basi kinajikuna chenyewe?"

Hata Basili, mwenzake wa dawati, alimtania: "Kidonda cha kukwepa mtihani hicho!" Fransiska akameza hasira, kavu kama ugali wa nyumbani kwao. Samli yote iliwekwa kwa harusi ya dada yake na alizeti ikauzwa mnadani, kwa hiyo mboga ilichemshwa kwa chumvi tu.

Mguu ulipokataa kukanyaga, mama akampeleka zahanati.

"Shikamoo," Fransiska alimwamkia muuguzi Mwanaamina.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani mnakula nini?"

"Muuguzi, unaouma ni mguu, si tumbo," mama aliingilia.

Fransiska akajibu kuwa ni ugali na mboga ya chumvi tu, bila mafuta. Mwanaamina aliendelea kusafisha kidonda. "Damu ina askari, mama. Vijidudu vikiingia, askari hao hupeana ishara: shambulieni! Vikiisha, hupeana nyingine: basi, jengeni upya. Ishara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya chakula, na baadhi ya mafuta hayo mwili hauwezi kujitengenezea. Yakikosekana, askari ni kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde siku ya upepo. Vidonge hivi vitaua vijidudu. Wewe mpe karanga, alizeti, na samaki wa ziwa Basotu."

"Samaki! Sisi hatuli nyoka wa maji!"

"Basi alizeti na karanga. Hizo hazina magamba." Muuguzi akainama tena. "Tena hiki hakikukunwa. Hakuna alama hata moja ya kucha."

Wakirudi nyumbani, mama alipitia sokoni kununua karanga.

Tangu siku hiyo alitwanga karanga na kuzitia mbogani, wala hakusahau vidonge. Kabla ya mtihani, ngozi mpya ilikuwa imefunika muundi. Mama akaipapasa kwa kidole.

"Nilikujaza tumbo, mwili ukabaki na njaa," alisema. "Tena nilikulaumu kabla ya kutafuta sababu. Mkubwa naye hukosea, mwanangu. Niambie, nikupe nini?"

Fransiska aliinama, machozi yakimlenga.

"Tangu siku ya kwanza, mama, nilitaka uniamini."